Nyumba Kubwa Inauzwa Kijijini: Namna ya Kuinunua Bila Kununua Kesi

"Nyumba inauzwa. Vyumba sita, viwili masta, sebule mbili, jiko la nje, banda la ng'ombe, eneo ekari moja na nusu, miti ya matunda, maji yapo, umeme upo, hati ipo, gari inafika mpaka mlangoni. Bei maelewano."

Tangazo la namna hii likikufikia saa nne usiku, nawe umepanga vyumba viwili Mbagala na watoto wamelala mzungu wa nne, moyo unatangulia kijijini kabla hujamaliza kusoma. Wangu ulitangulia mara nne. Nilikuwa natafuta nyumba kwenye milima ya Usambara, wilayani Lushoto, nyumba ya kumtosha mama, mke wangu, watoto wetu na watoto wa dada wanaohamia kwetu kila likizo. Nyumba tatu za kwanza nilizikimbia. Ya nne ndiyo ninayoishi.

Haya ninayoandika yanafaa kijiji chochote cha Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za ardhi, kwa hiyo ndugu yangu unayetafuta nyumba Makunduchi, chukua ukaguzi wa paa na kuta, mengine uliza hukohuko.

Hatua ya 1: Lisome tangazo neno kwa neno, kisha piga simu

Usipande basi kwanza. Nauli ya familia kwenda na kurudi inatosha kununua bati kadhaa.

"Maji yapo" huweza kuwa bomba ndani ya nyumba. Huweza pia kuwa chemchemi bondeni, robo saa kushuka na nusu saa kupanda na ndoo kichwani. "Umeme upo" mara nyingine maana yake nguzo zimepita barabarani, kuuvuta mpaka ndani ni kazi yako. "Gari inafika": uliza gari gani na mwezi gani.

Neno la kulichimba zaidi ni "hati ipo". Mwambie anayeuza aipige picha, akutumie ukurasa wa mbele. Utaletewa kimoja kati ya vinne. Cha kwanza ni hati ya kumiliki ardhi iliyosajiliwa, yenye namba na miaka yake, 33, 66 au 99. Cha pili ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Cha tatu ni karatasi ya mauziano, aghalabu imeandikwa kwa mkono, ina sahihi ya mjumbe na alama ya dole gumba. Cha nne ni ukimya, kisha "njoo tu bosi, tutaongea." Vitatu vya mwanzo vyote vinaweza kukupeleka kwenye nyumba halali, ila kazi ya kuhakiki haifanani. Cha nne kiache kwa wenye pesa ya kuchezea.

Hatua ya 2: Nenda mvua ikinyesha

Dalali atakuita Agosti, jua linawaka, udongo mkavu, milima inang'aa. Mwitikie, kisha nenda masika, kati ya Machi na Mei. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni lami, kilomita kama 33 za kona zinazopanda mlima. Hiyo haina shida sana, ingawa siku za mvua kubwa udongo na mawe huporomokea njiani. Shida ni kile kipande cha kutoka lami mpaka nyumbani. Nyumba ya kwanza niliyoiona ilikuwa kilomita nne kutoka lami. Kilomita ya mwisho tuliipanda kwa miguu, viatu mkononi, na dalali akisema "leo tu ndio imeharibika." Nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa anashuka na mzigo wa kabichi. "Shikamoo bibi. Hii njia hupitika lini?" Akasema, "Marahaba baba. Mvua ikiisha."

Mgonjwa atatokaje hapo usiku? Hilo ndilo swali la barabara, hasa kama unahamia na mzazi. Ukiwa hapohapo tazama maji ya mvua yanaelekea wapi: yanapita kando ya nyumba au yanaielekea? Na mteremko ulio juu ya nyumba una miti na matuta, au umelimwa wazi mpaka kileleni?

Hatua ya 3: Kagua nyumba ukiwa na fundi wako, si fundi wa dalali

Mlipe posho ya siku na chakula. Anzeni juu, mshuke.

Paa. Pandeni darini na tochi. Nyumba ya pili niliyoitazama ilikuwa imepakwa rangi upya, nje krimu, ndani nyeupe, inanukia. Fundi wangu alipanda darini akachomeka bisibisi kwenye mbao ya kenchi. Ilizama mpaka kwenye mpini kama imechomekwa kwenye mkate. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda. Hakusema kitu; alinipa ile bisibisi nijaribu mwenyewe mbao ya pili, na ya tatu.

Kwenye bati tafuta chapa ya geji. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 30 ni jepesi kuliko geji 28. Angalia kutu kwenye misumari na pale bati zinapopandana. Kisha rudi chini utazame dari. Madoa ya rangi ya chai ni maji yaliyopita, na dari iliyopakwa rangi mpya chumba kimoja tu, vingine vikiachwa, inataka maelezo.

Kuta. Vijistari vyembamba vya plasta visikusumbue. Uogope ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kuonekana ndani na nje, hasa ukiwa mpana kiasi cha kuingiza ukingo wa sarafu. Milimani kiwanja huchongwa kwanza: upande wa juu wa nyumba unakaa kwenye udongo wa asili, upande wa chini unakaa kwenye kifusi. Kifusi kikishuka, nyumba hupasuka pale pande mbili zinapokutana. Kwa hiyo simama upande wa bondeni, piga magoti, utazame msingi. Uliza kama kuna lenta, ule mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima au iliishia juu ya madirisha.

Chini ya kuta papasa kwa kiganja. Ukuta uliopiga chumvi, rangi imebanduka mpaka usawa wa goti, unapandisha unyevu kutoka ardhini. Lushoto ni baridi, na chumba cha namna hiyo kitakuwa cha fangasi na kikohozi. Kukitibu kunawezekana, ila gharama yake iingie kwenye bei.

Maji. Fungua mabomba yote kwa wakati mmoja, kisha vuta choo. Vijiji vingi vya milimani hutumia maji ya mserereko, yanayotoka chanzo cha juu bila pampu, na yanaendeshwa na chombo cha watumia maji kijijini chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Waulize wao, si muuzaji: maji hutoka siku ngapi kwa wiki, Septemba hali ikoje, na je, nyumba hii ina deni? Tazama pia gata. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 150 ni lita 3,000, kabla ya zinazopotea. Paa kubwa lisilo na gata wala tangi linamwaga mali kila masika, tena linaimwaga kwenye msingi wako.

Choo na karo: fungua chemba uone kama maji yanatembea, upime umbali mpaka kisima kama kipo. Umeme: washa kila taa. Basi.

Jambo moja ambalo fundi hatakuambia. Nyumba kubwa nyingi za vijijini zilijengwa na watoto walioko mjini kwa ajili ya Krismasi na Idi. Miezi kumi na moja zinakaa na mlinzi mmoja na popo. Nyumba isiyokaliwa huzeeka haraka kuliko inayokaliwa. Usiidharau iliyochakaa kwa mikono ya watoto, na usiipende mno iliyo safi kwa sababu haikuguswa.

Hatua ya 4: Tembea mpaka wote kwa miguu, na majirani wakiwepo

"Ekari moja na nusu" ya nani? Vijijini ekari hupimwa hatua 70 kwa 70, na hatua za kijana mrefu si hatua za mzee. Ekari kamili ni takriban mita za mraba 4,047. Mpimaji mwenye GPS atakupa ukweli kwa nusu siku. Eneo langu lilitajwa kuwa ekari moja na nusu. Lilipopimwa lilikuwa ekari moja na robo, na bei ikashuka hapohapo bila ugomvi.

Mipaka mingi ni masale, minyaa au jiwe lenye historia. Msimame na kila jirani kwenye mpaka wake, aseme kwa mdomo wake, na jina lake liandikwe. Akikosekana mmoja, ahirisha. Jirani aliyekosekana siku ya mpaka huonekana siku ya kesi.

Angalia na yasiyoonekana kwenye ramani: njia ya mguu inayokatiza uani na kijiji kizima huipita kwenda kisimani, mfereji wa kumwagilia wa watu wa chini, makaburi. Makaburi yasikutoe mbio. Mkubaliane kwa maandishi yako wapi, eneo lake ni kiasi gani, na wenyewe watakuja kufagia na kusoma dua kwa utaratibu gani.

Kuna mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za mto, ziwa au chanzo cha maji. Nyumba yenye "mandhari ya mto" huenda imekaa pasipotakiwa. Barabara nazo zina hifadhi yake. Kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukikuta alama ya X nyekundu imefutwafutwa kwa chokaa, umeshajibiwa.

Hatua ya 5: Mjue anayeuza, na wote walio nyuma yake

Hapa ndipo pesa za watu huzama. Nyumba ya tatu ilikuwa nzuri kuliko hata hii niliyonayo. Msingi wa mawe, kenchi ngumu, maji ya mserereko, miparachichi. Muuzaji kijana mstaarabu, mtoto mkubwa wa marehemu. Tulikaa barazani, tukanywa chai ya maziwa, bei ikakubalika, nikawa natafuta kalamu. Mama mtu mzima akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Huyu aliniambia anakuja mgeni kutazama mbao." Akamgeukia kijana. "Mbao zipi?"

Kijana akatazama kikombe chake. Nami nikamaliza changu, nikaaga.

Basi uliza hivi, bila aibu:

Nyumba ni ya nani kwa jina? Kama mwenyewe yuko hai, aje mwenyewe na kitambulisho cha taifa, jina lifanane na lililo kwenye hati. Anayesema "nimetumwa na kaka yuko Oman" alete idhini ya kisheria iliyosajiliwa, na kaka umwone kwa simu ya video.

Ana mwenza? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi. Akiwa na wake wawili, usiridhike na sahihi ya aliye karibu na barabara.

Mwenyewe amefariki? Hapo hakuna mtoto mkubwa wala mdogo, kuna msimamizi wa mirathi. Awe ameteuliwa na mahakama. Kama ni Mahakama ya Mwanzo, aoneshe Fomu Namba 4, yaani barua yake ya uteuzi. Msimamizi ana mamlaka ya kisheria, lakini mimi singelipa bila muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wote, wakiwamo mabinti walioolewa mbali. Utasikia "kwetu mtoto wa kike harithi ardhi." Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Dada aliyesahaulika leo anaweza kurudi baada ya miaka mitano na wakili.

Hatua ya 6: Ofisi ya kijiji, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya

Kama nyumba iko kwenye ardhi ya kijiji, kuhamisha haki ya kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, chombo cha wajumbe 15 hadi 25. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, gizani, nyumbani kwake, si idhini ya halmashauri. Omba kikao, uhudhurie, ujitambulishe, useme unakuja kuishi. Wewe si mwanakijiji na wana haki ya kukuuliza unataka nini. Mimi niliulizwa kama nitafunga ile njia ya mguu. Pata nakala ya muhtasari wenye muhuri. Kisha nenda wilayani, afisa ardhi akuthibitishie usajili wa hati na kwamba eneo halimo kwenye hifadhi ya msitu wala mpango mwingine.

Kwa nyumba yenye hati iliyosajiliwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Uhamisho wenyewe hupita kwenye Fomu Namba 29, 30 na 35, wakili atazijua.

Kwa zote mbili, pita pia kwenye baraza la ardhi la kijiji, la kata, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, uulize kama kuna shauri juu ya eneo hilo. Dakika kumi kila mahali, ukimkuta karani.

Hatua ya 7: Bei

Muuzaji hupiga hesabu ya saruji aliyomwaga. Wewe piga hesabu ya siku utakayotaka kuuza. Nyumba ya vyumba sita kijijini inaweza kukaa sokoni miaka, kwa sababu wenye pesa hiyo hujenga ya kwao na wasio nayo hawaihitaji. Chukua orodha ya fundi, weka gharama pembeni ya kila tatizo, uende nayo mezani. Kuongea kwa orodha hakumvunjii mtu heshima. Kusema "nyumba yako mbovu" kunamvunjia.

Kodi. Anayeuza hulipa kodi ya faida, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Tuseme anauza kwa shilingi milioni 60, na ana kumbukumbu kwamba ilimgharimu milioni 40. Faida ni milioni 20, kodi milioni 2. Tangu 2023, asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya thamani, yaani milioni 1.8 kwa mfano huohuo. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1 ya thamani. Viwango hubadilika bajeti zinapopita, kwa hiyo vihakiki TRA. La muhimu mkubaliane mapema nani analipa nini, maana muuzaji akishapokea pesa yake kodi inageuka kuwa yako, la sivyo uhamisho haupiti.

Udalali nao utajwe kwa kiasi mwanzoni. Na ukiambiwa kuna asilimia ya kijiji, uliza imeandikwa wapi, udai kontrol namba na risiti. Anayetaka pesa mkononi hana risiti.

Hatua ya 8: Mkataba

Uandikwe na wakili, hata kama kijiji kina fomu yake. Arabuni iwe ndogo, na iandikwe inarudi lini na kwa sababu gani. Pesa kubwa ipite benki, iingie kwenye akaunti yenye jina la mmiliki au la mirathi, kamwe si kwa dalali.

Orodhesha vinavyobaki. Nimeona nyumba iliyokabidhiwa bila milango. Muuzaji alisema aliuza nyumba, milango ilikuwa ya mninga. Taja tangi, sola, grili, masinki, mabati ya banda. Taja mazao: mahindi yaliyoota, ndizi zilizobeba, kahawa. Tuliandika kwamba mapeasi ya msimu ule yachumwe na mwenyewe wa zamani. Alikuja na mkewe na magunia mawili, akaondoka na gunia moja na nusu, lililobaki akamwachia mama.

Andika tarehe ya kuhama, na ubakize sehemu ya malipo mpaka siku hiyo.

Hatua ya 9: Siku ya funguo

Ingia mchana. Badilisha vitasa vyote siku hiyohiyo. Soma mita ya LUKU, uipige picha, na ununue umeme kidogo mbele ya muuzaji; kama kuna deni litakatwa hapo na atalilipa akiwa bado anakutazama. Peleka ombi la kubadilisha jina TANESCO na kwenye chombo cha maji. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji uandikishwe kwenye daftari la wakazi.

Mkataba, muhtasari wa kijiji, sahihi za majirani, risiti za benki na za kodi vitolewe nakala tatu. Moja inakaa nyumbani, moja kwa ndugu wa mji mwingine, moja kwa wakili. Na usilegee mpaka hati itoke kwa jina lako. Yangu ilichukua miezi saba, na nilikwenda kuiulizia kila Jumatatu ya mwanzo wa mwezi, mpaka mlinzi wa ofisi akawa ananiita jirani.